Mvumo Uliokataa Kutoka

Wewe uliye jikoni na redio umeiweka juu ya kabati, wewe uliye kibandani unamngojea mteja wa mwisho, na wewe uliyekwama kwenye foleni ya kurudi nyumbani, nyote karibuni. Tuna dakika 15, na leo sizungumzii bei ya vitu wala siasa. Leo nataka tukifungue kile kitu kinachoisukuma sauti yangu mpaka ikufikie hapo ulipo. Tufungue amplifaya.

Kwanza tuwekane sawa kwenye neno. Kamusi zinasema kikuza sauti, na ni neno zuri. Lakini nenda Kariakoo ukamwambie muuza vipuri, "Naomba kikuza sauti," uone kama hatakuletea maiki, au ile honi ya kufunga juu ya mnara wa msikiti. Yeye na mafundi wake wanasema amplifaya, nami leo nitasema kama wao. Na kile kipande cheusi chenye miguu ya chuma, kinachofanya kazi yenyewe huko ndani, wanakiita aisii. Basi na sisi tukiite aisii.

Swali langu la leo ni hili. Je, mtu wa kawaida, asiye mhandisi, anaweza kukaa mezani kwake akaunda amplifaya ya kusikilizia muziki kwa raha, yenye sauti safi, ile wanayoiita hai-fai? Nasema anaweza. Mimi nimeiunda, ipo sebuleni kwangu, na aliyeiunda si fundi, ni mtu wa maneno kama unavyonisikia. Ila jibu hilo lina mkia, na mkia ndio mazungumzo yenyewe.

Tuanze na kitu unachokijua. Nyumba nyingi zina sabufa, na nyingi kati ya hizo zina sabufa nyingine iliyokufa, imesukumwa chini ya kitanda. Ukiifungua hiyo iliyokufa, kama ni ya bei ya chini, mara nyingi utakuta aisii ya miguu 5 imekazwa kwa skrubu kwenye bati la alumini, na juu yake imeandikwa TDA2030. Hiyo ni aisii ya siku nyingi, ilianzia kwa kampuni ya Italia iliyoitwa SGS-ATES, na uwezo wake ni wati kama 14. Sasa rudi kwenye katoni iliyokuja na sabufa hiyo. Imeandikwaje? Wati elfu kadhaa! Pembeni, kwa maandishi madogo, kuna herufi nne: PMPO.

Msikilizaji, pasi yako ya umeme inakula wati 1,000 hivi. Sabufa ya wati 5,000 ingekula umeme wa pasi tano kwa pamoja, na uniti zako za LUKU zingekatika kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Geuza sabufa nyuma, soma kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme, utaona wati 30 au 40. Hiyo ndiyo kweli. Kilichoandikwa kwenye katoni ni mapambo.

Na wati si kitu cha kugombania kiasi hicho. Ukitoka kwenye wati 25 ukaenda 50, umeongeza nguvu maradufu, sivyo? Sikio lako linapata nini? Linapata badiliko dogo, kama uliyekuwa umekaa mita 3 kutoka kwenye spika uwanjani ukasogeza kiti mpaka kama mita 2. Basi. Kwa sebule ya kawaida, wati 25 kila upande zinatosha kumwamsha jirani.

Sasa aisii yangu mimi. Inaitwa LM3886. Ilitolewa na kampuni ya Marekani, National Semiconductor, ambayo mwaka 2011 ilinunuliwa na Texas Instruments. Ni kama aisii hiyo imerudishwa kwa wazee wake, maana ni ndani ya Texas Instruments, mwaka 1958, ambako Jack Kilby alionyesha kwamba sehemu zote za umeme, transista na rezista na kapasita, zinaweza kuumbwa kwenye kipande kimoja badala ya kila moja kutengenezwa peke yake. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Aisii hii ina miguu 11, na mitatu kati yake haijaunganishwa na chochote ndani. Imebaki minane. Ukiijua hiyo minane, umeijua aisii.

Inafanyaje kazi? Sikiliza kwa makini hapa, maana ndipo penye utamu.

Ndani yake mna nguvu ya kukuza iliyopita kiasi, mara laki kadhaa. Nguvu hiyo ikiachwa huru haimfai mtu. Mnong'ono mdogo tu ungegonga dari. Kwa hiyo inafungwa breki kwa rezista mbili. Je, umewahi kumtuma mtoto dukani? "Niletee nusu kilo ya sukari, kiberiti, na chumvi." Akifika mlangoni unamwita: "Hebu rudia, nimekutuma nini?" Anasema, "Nusu kilo ya chumvi, sukari…" Unamsahihisha kabla hajatoka. Rezista mbili zile zinafanya hivyo hivyo. Zinachukua sehemu ndogo ya sauti iliyokwisha kukuzwa, zinairudisha mlangoni, na aisii inailinganisha na ile iliyotumwa. Palipopinda panyooshwa. Wataalamu wanaita mrejesho hasi, na hasi hapa si ubaya, ni kule kulipunguza kosa.

Nilichagua rezista za kuikuza sauti mara 21. Wapo wanaofikiri kwamba wakiishusha mpaka mara 5 itatulia zaidi. La! LM3886 ikishushwa chini ya mara 10 inaweza kupoteza utulivu. Ni kama yule mtoto: ukimsahihisha kila neno, kila silabi, anaanza kutetemeka na haendi dukani kabisa. Aisii nayo hutetemeka, kwa kasi ambayo sikio la binadamu halisikii. Utaijuaje? Itakuwa ya moto wakati hakuna muziki unaopigwa. Ukigusa bati lake ukakuta linaunguza na chumba kiko kimya, zima, tafuta kosa. Mara nyingi nalo huwa ni kapasita ndogo za kutuliza umeme zimewekwa mbali na aisii. Zinatakiwa zikae jirani kabisa na miguu ya umeme, karibu kugusana.

Basi nirudie. Akili imo ndani ya aisii, imekwisha kufanyiwa kazi na watu waliosomea. Wewe hutengenezi akili. Kazi yako wewe ni mambo matatu yaliyo nje yake: umeme unaoingia, joto linalotoka, na nyaya zinapopita. Mambo matatu: umeme, joto, njia.

Kuna kisa cha Japani kinachonifurahisha katika hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mbunifu aitwaye Junji Kimura, kupitia kampuni yake ya 47 Laboratory, alitoa amplifaya ndogo iliyoitwa Gaincard. Vipande 9 tu kwa kila upande, na njia nzima ya sauti, kutoka inapoingia mpaka inapotoka, milimita 32. Urefu wa njiti ya kiberiti haufiki. Ukiinunua na boksi lake la umeme ilikuwa zaidi ya dola 3,000 za Marekani. Watu wakaifungua, na ndani wakakuta nini? Aisii ya LM3875, ndugu wa hii yangu, ya bei ya dola chache. Wengine walicheka, wengine walikasirika, na wengi wakaenda kuunda za kwao. Mpaka leo amplifaya za namna hii duniani zinaitwa kwa jina la kuigiza lile lake, Gainclone.

Mimi sikucheka. Bei ni suala jingine, na sina dola 3,000 za kitu kinachoingia mfukoni mwa koti. Lakini yule mzee hakuuza aisii. Aliuza milimita 32. Hilo nililifahamu baadaye, baada ya kuteseka, na sasa nakuja kwenye mateso yenyewe.

Kilichokula hela yangu hakikuwa aisii. Ilikuwa transfoma na boksi la alumini. Transfoma nilisukiwa na fundi wa kusuka mota, mtaa wa Gerezani. Nilipomweleza, aliniuliza swali moja tu: "Mzee, unataka na waya wa kati?" Nikamwambia ndiyo, na hapo akajua nafanya nini. Waya wa kati ndio sifuri. Amplifaya ya namna hii inataka umeme wa pande mbili, wangu ni kama volti 24 juu ya sifuri na volti 24 chini ya sifuri, na sauti inacheza katikati, ikipanda na kushuka. Sifuri hiyo mafundi wanaiita graundi. Ishike, tutaihitaji.

Joto je? Kila aisii, muziki ukipigwa kwa nguvu, inaweza kutupa joto la wati 15 hivi, sawa na kichuma kidogo cha kulehemu. Na ajabu yake ni kwamba haichemki zaidi ukifungua sauti mpaka mwisho. Huchemka zaidi katikati ya njia. Vitabu vingi hupiga hesabu za joto kuanzia nyuzi 25. Msikilizaji wa Dar es Salaam, mwezi wa Januari, nyuzi 25 utazipata wapi, labda ndani ya friji? Kwa hiyo bati la kupozea nililozidisha ukubwa sikulijutia. Na matundu ya hewa weka wavu mwembamba, kwa sababu mende wanapenda sana transfoma yenye uvuguvugu. Sisemi kwa kusoma.

Jambo jingine la haraka. Mgongo wa chuma wa LM3886 umeunganishwa na ile volti ya chini ya sifuri. Ukiukaza moja kwa moja kwenye boksi la chuma ambalo limeungwa na graundi, unasikia mlio mmoja mfupi na kazi imeisha. Weka karatasi ya mika katikati, na kikofia cha plastiki kwenye skrubu. Au nunua ile aina ambayo mgongo wake umefunikwa plastiki, jina lake linaishia na TF. Na ukinunua, futa maandishi ya juu kwa pamba yenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Wino ukitoka na chini yake pakaonekana pamekwanguliwa, hiyo imebadilishwa jina.

Siku ya kuwasha sikuchomeka ukutani moja kwa moja. Umeme wa ukutani ni volti 230, hauna undugu na mtu. Nilipitisha umeme kwenye balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka, niliyoipata kwa mama mmoja anayelea vifaranga. Balbu ikiwaka kwa nguvu na ikabaki hivyo, ndani kuna kosa na balbu imekuokolea vitu. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, shukuru. Yangu ilififia. Nikapima kwa mita panapotoka sauti, bila spika: milivolti 12. Chini ya 50 unaweza kuunga spika. Nikaunga, nikachomeka simu, nikaweka taarabu.

Ilikuwa nzuri, msikilizaji. Mpaka pale fidla ziliponyamaza kumngojea mwimbaji aingie, katika kile kimya kidogo, nikasikia: mmmmmm. Mpwa wangu, ana miaka 7, akaniuliza, "Mjomba, mbona redio yako inaimba yenyewe?"

Mvumo huo ulikaa kwangu wiki tatu.

Kwanza nilimlaumu fundi wa watu wa Gerezani. Nikaizungusha transfoma huku na huku, hakuna kitu. Nikalaumu waya wa simu, nikanunua mwingine. Nikalaumu kapasita kubwa za kuhifadhi umeme, nikasema ni ndogo, nikaongeza nyingine mbili. Mvumo ukaongezeka! Nakwambia ukaongezeka, si sana, lakini sikio la mwenye nyumba halidanganyiki.

Iliyonisaidia ni hatua ambayo nawe uikumbuke, maana inafaa hata kwa redio ya dukani. Shusha sauti mpaka mwisho, kimya kabisa. Je, mvumo umeshuka pamoja nayo? Kama umeshuka, unatoka nje, kwenye simu au waya wake. Kama umebaki vilevile, mchawi yumo ndani. Wangu ulibaki vilevile.

Basi nani? Tufuate umeme. Umeme wa ukutani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukishapita kwenye daiodi, vipande vinavyouruhusu kwenda upande mmoja tu, unakuwa mapigo 100 kwa sekunde. Kila pigo linajaza kapasita kwa mkupuo mmoja mfupi na mkali, kama watu wanaokimbilia bomba maji yakitoka. Na kapasita ikiwa kubwa zaidi, mkupuo unakuwa mkali zaidi. Ndiyo maana mvumo wangu uliongezeka. Mkupuo huo lazima urudi kwenye transfoma, na unarudi kwa waya gani? Kwa ule wa sifuri, graundi. Sisi tunadhani waya wa shaba ni waya tu, hauna upinzani. Unao. Una upinzani kidogo sana, lakini mkupuo mkubwa ukipita kwenye upinzani mdogo unaacha volti ndogo njiani. Ikiwa waya wa sauti umeunga graundi yake kwenye njia hiyo hiyo, hiyo volti ndogo inahesabiwa kuwa muziki, na aisii kwa uaminifu wake wote inaikuza mara 21.

Nikueleze kwa mfano wa kijijini. Mto ni mmoja. Ng'ombe wananyweshwa sehemu moja, watu wanateka maji sehemu nyingine. Ukiteka chini ya wanaponyweshwa ng'ombe, utakunywa tope, na kubadili ndoo hakutakusaidia. Mimi nilikuwa nabadili ndoo. Nilinunua waya mpya wa simu, ndoo. Nikaongeza kapasita, nikawa nimeongeza ng'ombe!

Dawa yake ilikuwa waya mmoja. Graundi ya sauti nilikuwa nimeilehemu kati ya transfoma na kapasita, pale pale kwenye kwato. Nikaing'oa, nikaipeleka upande wa pili wa kapasita, mahali pamoja na graundi ya spika na ya zile rezista mbili, zote zikutane kwenye nukta moja, na kutoka nukta hiyo waya mmoja mfupi mnene uende kwenye kapasita. Niliuhamisha kama upana wa vidole vitatu. Hakuna kipande nilichonunua. Nikawasha. Nikaweka sikio kwenye kitambaa cha spika, nikadhani sijawasha.

Nirudie kwa ajili ya aliyechelewa kufungua redio. Mikupuo ya kujaza kapasita iwe na njia yake fupi, kutoka kwenye daiodi mpaka kwenye kapasita na kurudi. Sauti iwe na njia yake. Zikutane mahali pamoja tu, baada ya kapasita. Na waya wa udongo, ule wa usalama unaotoka ukutani, uukaze kwenye boksi la chuma, usiukate hata siku moja kwa kutafuta kimya. Wapo wanaoukata na mvumo ukapungua. Hapo wamebadilishana mvumo na uhai.

Usiku ule sikurudi kwenye taarabu ya kisasa. Nilitafuta nakala ya Siti binti Saad, zile alizokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Kwa miaka nilikuwa naamini ule mkwaruzo kwenye nyimbo zake ni kosa la redio zangu mbovu. Sasa nikausikia peke yake, sindano ikitambaa kwenye santuri, na nyuma ya mkwaruzo yeye akiimba, kila kimoja mahali pake.

Muda umenitupa mkono, na naona mwenzangu wa studio amenyanyua kidole. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaingia kwenye boksi la spika lenyewe, na kwa nini mbao ya kitanda cha zamani inaweza kufaa kuliko ile mpya ya kubandika. Mpaka hapo, itoe ile sabufa iliyo chini ya kitanda. Hakikisha haijachomekwa ukutani, na iache ikae siku nzima, kwa sababu kapasita hubaki na umeme. Kisha fungua skrubu za nyuma, utafute yule mwenye miguu 5, na uangalie graundi yake imeungwa wapi.